Kaseti Iliyokwama

Dayton, Ohio, mwaka wa tisini na tatu.
Gereji ya kina Kessling inanuka petroli na mbwa aliyelowa.
Tupo wanne. Nahesabu kama wanavyotuhesabu wengine:
Mweusi mmoja, ndiye mimi, Renita, besi;
Mfilipino mmoja, Rommel, gitaa;
Wazungu wawili, Gretchen kwenye dramu,
na kaka yake Todd, mwenye sauti ya mtu aliyemeza msumari
akaona haya kuutema.

Duka la kanda nalo lilituhesabu hivyo hivyo.
Liliangalia picha, halikusikiliza,
likatupanga rafu ya soul,
kati ya bwana wa suti ya zambarau na kwaya ya Krismasi.
Rommel alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Mimi nilituhamisha kwa mkono wangu,
Jumamosi ile, na Jumamosi iliyofuata,
kwa sababu walikuwa wameturudisha.

Nyumbani, binamu yangu Lavonne mlangoni, mkono kiunoni:
"Makelele gani haya ya watoto wa Kizungu wasiooga?"
Nikaongeza sauti.
Sikio la kufa halisikii dawa;
langu halikusikia mipaka.

Na huko Columbus, fundi mitambo,
mimi na besi mgongoni kama mtoto mwenye homa,
akaniuliza: "Nyinyi wa rap mnapanda saa ngapi?"
Sasa hivi, nikamwambia. Nipishe.

Kisha ile safari ya magharibi.
Redio ya gari ilimeza kaseti ya baba yake Rommel,
baharia aliyejifunza Kiingereza
kwa nyimbo za wachunga ng'ombe,
na haikuitapika.
Tulijaribu kisu cha siagi, kibanio cha nywele, maombi.
Indiana nzima, fidla.
Illinois nzima, mwanamume analia ndani ya bia
kwa sababu mke kaondoka na lori.
"Wakitusikia na hiki," Todd alisema, "tumekwisha."

Kufika Iowa sote tulijua maneno.
Usiku, macho yakiwa barabarani, Todd akakiri
kwamba hujifunika blanketi na kusikiliza soul ya Detroit;
kwamba ukelele wake, ule wanaousifu magazetini,
ni jaribio la kuimba vile, lililoshindwa.
Gretchen akasema: disko. Akasema tena, polepole, disko.
Mimi nikasema, ile besi ya wimbo wetu wenye fujo kuliko zote
nimeiiba kwenye mguu wa kushoto wa Dada Purnell,
akikanyaga kinanda, Bethel, ibada ya pili.
Kimya.
Gari zima wezi, na kila mwizi kaibiwa.

Lakini usinielewe vibaya.
Askari alipotusimamisha nje ya Des Moines
tochi yake iliruka Todd, ikaruka Gretchen,
ikatua kwangu, ikatua kwa Rommel, ikakaa.
Kaseti haikujua kunyamaza.
Akasoma leseni yangu mbele na nyuma, mbele na nyuma,
huku kichwa chake kikifuata mapigo.

Omaha: watu sitini, labda.
Nikahesabu, ni mazoea: mmoja.
Karibu na mlango wa kutokea, miwani imefungwa kwa gundi ya karatasi,
flana ya mtu mkubwa kuliko yeye.
Tulipomaliza hakununua fulana, hakutaka sahihi.
"Nyuzi zako," aliuliza, "za unene gani?"
Nikamwambia.
Akatikisa kichwa kama fundi aliyethibitisha kipimo,
akafungua kiganja: sugu nne kwenye ncha za vidole,
ngumu kama maharage makavu.
Nikaweka zangu juu ya zake.
Jina sikumuuliza. Bado najilaumu.

Nje gari linaunguruma, mlango wazi,
fidla inalia,
na Todd, akidhani yuko peke yake,
anaimba kwa sauti isiyo na msumari.